Mwaka Niliposhika Bawa la Konso

Mwaliko ulikuja kwa simu, na aliyepiga alikuwa Konso mwenyewe. "Zuhura, Jumamosi uje Katubuka. Anjela wangu amepandishwa cheo, ana mistari mitatu begani. Ijumaa analeta ndege Kigoma, zamu yake ya kurudi Dar ni Jumapili. Hapo katikati tunamlisha. Na wewe ndiye mgeni wa kwanza, sha, usiniletee habari za presha." Nikasema hongera, nikasema Mungu mkubwa, nikaahidi kufika mapema. Nilipokata simu nilibaki nimekaa pale ukumbini kwangu Ujiji, simu mkononi, nikiuhisi wivu ule ule wa zaidi ya miaka thelathini. Mtu anaweza kustaafu ualimu, na daktari anaweza kumstaafisha chumvi, lakini wivu haustaafu. Nimefundisha jiografia tangu ujana mpaka mvi. Pepo za ziwa na pepo za nchi kavu nimezichora ubaoni mpaka chaki ikaniharibu kifua, na kila nilipochora mshale wa hewa inayopanda nilimkumbuka Konso, tena si kwa wema. Sasa alikuwa na binti rubani. Nililala kidogo mchana ule kwa hasira, nikaamka, nikapika chai, na hasira ilikuwa bado iko.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikipiga taipu katika ofisi ya mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kusimamia ujenzi wa barabara. Mhandisi huyo alikuwa na ugonjwa wa ndege zisizo na injini. Alileta moja kutoka Dar kwa treni ya mizigo, mabawa yamefungwa kwa maturubai, na wachukuzi wa stesheni wakadhani wanapokea jeneza la mtu mrefu kupita kiasi. Akawakusanya watu wachache wenye ugonjwa kama wake, wakaunda klabu, wakakodi ghala kuukuu la mawese nje ya Simbo, kando ya uwanja mpana wa nyasi. Ndege yenyewe ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ilivutwa kama tiara: waya wa chuma ulinaswa tumboni mwa ndege, na upande wa pili, karibu kilomita nzima, ulizungushiwa pipa la mashine iliyoundwa kwa injini ya lori. Dereva wa mashine, Sadiki, akikanyaga mafuta, waya ulijikunja na ndege ikapanda pua juu, kisha ikauachia waya na kubaki na Mungu wake. Baada ya hapo kazi ni kutafuta hewa inayopanda na kuzunguka ndani yake. Ukiipata unakaa juu saa nzima. Ukiikosa, dakika saba tu umerudi chini, unaisukuma ndege kwa mikono huku umeinamisha kichwa.

Katika klabu ile hakuna aliyelipwa na hakuna aliyefanyiwa kazi. Ukishika bawa, ukikimbiza waya, ukipika, ulijipatia zamu ya kuruka na mwalimu. Mimi niliingia kwa sababu nilipiga taipu barua zote za klabu na nikawa najua kila kitu kilichoandikwa humo. Nilisoma kitabu cha mafunzo chote, nikakinakili kwenye daftari langu kwa wino wa rangi mbili. Na Konso? Konso nilimleta mimi. Hili naomba lisisahaulike. Alikuwa mhudumu wa zahanati Mwandiga, tulifahamiana kwa sababu alikuwa amepanga chumba jirani na changu, na Jumapili moja nilimwambia atoke kanisani aje anione nikiruka. Nilitaka mtu wa kunitazama. Alikuja na kitenge cha misa, akasimama kando ya uwanja akala muwa, na jioni yake mhandisi akamuuliza kama na yeye angependa kujaribu. Waswahili wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi cha kwangu nilikivalisha nguo mwenyewe.

Kila mwaka mwisho wa kiangazi, mashamba yanapochomwa na moshi ukaficha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, klabu ilipumzisha kazi nyingine zote na kuruka siku kumi mfululizo. Wakati huo hewa inachemka vizuri. Kwa siku hizo alikuja Kapteni Gwasa, rubani mstaafu, Muha wa Kasulu aliyekuwa akiishi Tabora, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kupangusa miwani kabla ya kukuambia jambo baya. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kibali cha kumruhusu mwanafunzi aruke bila mwalimu. Mwaka ule alikuja na habari mfukoni. Chuo kimoja cha urubani kilikuwa kimemwahidi nafasi moja, moja tu, kwa kijana atakayemwandikia barua, na barua hiyo haingeandikwa kama kijana hajaruka peke yake. Wanafunzi wa kiwango hicho tulikuwa wawili. Siku ya kwanza, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, kwenye meza ndefu ya ghala, alitangaza wazi mbele ya watu wote: siku ya kumi mmoja wetu angepanda peke yake. Konso aliniangalia akatabasamu, akaninong'oneza, "Ni wewe, dada. Mimi niko hapa kwa muwa tu." Nami nilimwamini, kwa sababu niliona ni haki.

Ghala lile nalikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imekunywa mawese miaka mingi hadi ikawa nyekundu na utelezi, na ukilaza ndege humo siku mbili, kesho yake mabawa yananukia maharage ya mawese. Upande mmoja zilikaa zana na mapipa ya maji, upande wa pili ilikuwa meza, jiko la mkaa na kitanda cha kamba cha Kapteni nyuma ya ukuta wa mbao. Tulikula pamoja, wageni na wenyeji, kwa mikono, na mhandisi alikuwa amejifunza kumega mgebuka bila kumeza miiba. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya hewa: nani alipata, nani alikosa, mwewe walikuwa upande gani. Nilipenda kuwa mezani pale. Nilikuwa nikisahihisha watu. Mtu akisema hewa ilimpandisha juu ya kilima cha mashariki, nilisema hapana, kwa saa ile jua lilikuwa limepiga upande wa kaskazini, na Kapteni alicheka akaniita "Mwalimu." Nilidhani ananisifu.

Siku ya nne ndiyo iliyoniharibu. Asubuhi nilipanda mimi, Kapteni akiwa nyuma yangu, na nilifanya kila kitu kama kilivyo kwenye daftari. Mwendo wangu haukuyumba, kona zangu zilikuwa safi, na baada ya dakika kumi na moja nikashuka. Alipanda Konso. Tulikaa chini ya turubai, tukala mihogo ya kuchemsha, tukanywa chai, tukamaliza chai, na ndege ilikuwa bado juu. Ilizunguka na mwewe watatu, wakahama pamoja kuelekea upande wa ziwa, wakawa vitone. Wanawake waliokuwa wakipalilia mihogo waliacha majembe wakapiga vigelegele. Saa moja na robo. Alipotua niliikimbilia ndege kushika bawa, nikamuuliza amewezaje, maana kama kulikuwa na siri nilitaka kuiandika. Akacheka, uso umejaa jasho. "Sijui, Zuhura. Kulinukia moshi wa shamba, nikaenda kule. Halafu kiti kikawa kinanisukuma tu huku chini." Nikamwambia kiti si kipimo. "Ego," akanikubalia kwa Kiha, "lakini kinasukuma." Siku ile nilifunga daftari langu nikalitia chini ya begi, na nikagundua kwamba sauti yake ya kucheka ilikuwa inaniudhi. Nilikuwa nikiipenda sauti ile kwa mwaka mzima.

Niseme nilivyokuwa, kwa sababu wivu watu huusema juu juu tu. Haukuwa chuki. Nilimpenda Konso na nilikuwa nikimchagulia samaki mwenye minofu. Lakini nilianza kumhesabia. Nilihesabu mara alizotajwa mezani. Nilisikiliza Kapteni anamwitaje, na nilipoona anamwita kwa jina lake tu, bila utani, nikajua kwamba utani ni wa wale ambao hawatapewa kitu. Konso alipokosea hata kidogo, akasahau kufunga mkanda wa bega au akatua mbali na alama, nilihisi kitu kitamu kikipita kifuani, halafu nikaona haya, halafu nikasubiri akosee tena. Na alipokuja kunilalia begani pale nje ya ghala, akilalamika kwamba mgongo unamuuma, nilimkanda mgongo huo huo. Mikono ilikuwa yangu na roho ilikuwa ya kwa nini.

Siku ya saba, mchana, upepo wa ziwa uliingia mapema tukasimamisha kazi. Nilikuwa upande wa zana nikiosha masufuria, na Kapteni alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao akizungumza na Sadiki. Mbao zile zilikuwa na nafasi unaweza kupitisha kidole. Sadiki akamuuliza, "Kapteni, umeshaamua? Mimi naona Zuhura. Yule binti anajua mpaka namba ya vipuri." Kabla hajajibu nilijua anapangusa miwani. "Zuhura anajua kila kitu," akasema. "Mwenzake anasikia. Anayejua utamfundisha mpaka afike alipo Zuhura, halafu basi. Anayesikia, sijui ataishia wapi." Sadiki akasema, "Basi Zuhura ataumia." Kapteni akasema, "Ataumia, lakini ni mtu mzuri." Niliendelea kusugua sufuria lile lile mpaka majivu yakaisha mkononi. Mpaka leo nikisifiwa kwamba ni mtu mzuri huwa nasikia harufu ya mawese.

Sasa lazima nieleze kanuni moja ya uwanja, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Ndege inapotaka kuondoka, mmoja hushika ncha ya bawa aliweke sawa, kwa sababu ndege ile inasimama juu ya gurudumu moja. Mshika bawa ndiye anayetazama angani na nyuma, ndiye anayesema "Juu kweupe, nyuma kweupe," na ndiye anayeinua bawa ili mwenye bendera ampungie Sadiki. Lakini mtu yeyote, awe rubani au mama aliyeleta mihogo, akiona lisilo sawa anapaswa kupiga kelele: "Simama!" Hapo kila kitu kinasimama. Na huyo aliyepiga kelele hafokewi, hachekwi, hahojiwi nia yake. Anashukuriwa mbele ya wote, hata kama macho yake yamemdanganya. Kapteni alikuwa mkali kwa jambo hilo tu. Alituambia amewahi kumzika rafiki kwa sababu mtu mmoja aliona hatari akaona aibu kusema. "Siku mtakapomcheka mmoja," alisema, "wa pili atanyamaza, na huyo wa pili ndiye atakayekuwa ameona kweli."

Siku ya tisa Kapteni alinitoa nje, akanisimamisha karibu na mkia wa ndege, akapangusa miwani. Nikamwambia, "Shikamoo, Kapteni, najua." Akasema marahaba, akasema nimsaidie Konso asiogope. Nikaahidi. Asubuhi ya siku ya kumi Konso hakuweza kula. Alikaa na bakuli la uji mapajani, akilikoroga tu, na mikono yake ilikuwa baridi nilipoishika. Mpango ulikuwa apande saa nne, kabla upepo wa ziwa haujageuka, kwa sababu jioni Kapteni alikuwa anapanda treni kurudi Tabora. Wakati tunaisukuma ndege kwenda kwenye mstari, Konso alinishika kanga. "Bawa nishikie wewe," akasema. "Asishike mwingine. Nikikuona wewe pale sitaogopa." Nikasema, "Haya, mama." Kulikuwa na joto, moshi umetanda, na mawingu meupe, ya kwanza ya mwaka, yalikuwa yameanza kujitokeza upande wa milimani.

Aliingia, akafunga mikanda, akataja kwa sauti yale tunayoyataja: mikanda, kioo, usukani, breki. Breki za ndege ile zilikuwa vibao viwili vya chuma, kimoja kwenye kila bawa, ambavyo huinuka kuipunguzia ndege nguvu ya kupaa wakati wa kutua. Vikiinuka wakati wa kuvutwa, unaweza kuanguka. Alivuta mpini wa breki, vibao vikainuka, akausukuma, vikafungika, nikasikia mpini ukijifunga. Niliinua bawa la kushoto. Nilitazama juu, nilitazama nyuma. "Juu kweupe," nikasema, "nyuma kweupe." Bendera ikapungwa. Waya ulinyooka kwenye nyasi, ndege ikatikisika, nikaanza hatua ya kwanza ya kukimbia nayo. Nilimwona Konso ndani ya kioo. Hakuwa akitazama mbele. Alikuwa akinitazama mimi, na alikuwa akitabasamu. Nikawaza kwamba huyu akishapanda, harudi tena. Nikapiga kelele, "Simama!"

Bendera nyekundu, Sadiki akakata injini, waya ukalegea. Watu wakaja mbio. Kapteni akauliza kwa utulivu nimeona nini, na mimi ambaye nilikuwa najua mpaka namba za vipuri nikasema jambo la kwanza lililonijia mdomoni: "Breki ya kushoto imeinuka." Nikasikia mwenyewe nilichosema. Vibao vile viwili vinaongozwa na mpini mmoja. Hakiwezi kuinuka kimoja peke yake, labda fimbo iliyo ndani ya bawa iwe imekatika au pini yake imetoka. Ningesema "breki zimeinuka," wangeangalia mpini, wangekuta umefungwa, wangenishukuru, na baada ya dakika tano Konso angekuwa angani. Lakini nimesema ya kushoto. Kapteni alilitazama bawa, akanitazama mimi, akavua miwani na kuipangusa. Kisha akasema, "Ling'oeni."

Kung'oa bawa, kufungua vifuniko, kukagua fimbo nzima mpaka mwisho na kulirudisha ni kazi ya saa tatu kwa watu wanaojua. Konso alifanya nasi. Alilala chali chini ya bawa na tochi mdomoni, mkono wake umeingia ndani mpaka kwapani, akapapasa fimbo, akapapasa pini. "Ni nzima," akasema. Tulipomaliza ilikuwa saa saba, upepo wa ziwa umeshageuka unavuma kukatisha uwanja, na yale mawingu ya milimani yalikuwa yamekuwa meusi. Kapteni alisimama dakika nyingi akiangalia nyasi zinavyolala. Kisha mvua ya kwanza ya mwaka ikatupiga, matone makubwa yenye vumbi, tukakimbiza ndege ghalani. Kwenye meza, mbele ya sahani za wali na migebuka ya kuagana, Kapteni alisimama. "Namshukuru Zuhura," akasema. "Ameona, amesema. Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Watu wakapiga makofi machache, kama mvua inayoanza. Konso akazunguka meza, akanikumbatia, akanibana sana, muda mrefu. "Umeniokoa, dada," akasema kwa sauti, wote wakasikia.

Kapteni aliondoka na treni ya jioni bila kuandika barua. Hakuweza kuandika kwamba mtu ameruka peke yake wakati hajaruka. Yeye na Konso walipeana ahadi ya mwaka ujao, lakini kabla ya mwaka ujao mkataba wa barabara ulikwisha, mhandisi akaifunga ndege yake kwenye maturubai yale yale na kuondoka nayo, na nafasi ya chuo ikaenda kwa kijana wa mkoa mwingine. Mimi nikaenda ualimu. Konso akabaki zahanati, akaolewa, akazaa watatu. Hatukuachana hata mwezi. Na katika kila shughuli yake, kipaimara, harusi, hata matanga ya mumewe, alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye aliyenipigia Simama. Bila yeye ningekuwa nimeoza Simbo." Watu walinipa mikono. Nilikuwa nikiangalia chini, nao wakasema mwalimu ana unyenyekevu. Nilijiambia kwamba hajui, na kwamba kumwambia ni kumpokonya hadithi anayoipenda. Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia miaka yote hiyo, na kwa kweli yalinitosha.

Jumamosi nilikwenda Katubuka na kilo mbili za mchele, nimevaa kanga mpya. Anjela alitoka kunipokea akiwa amevaa sare yake, maana wajomba walitaka picha. "Shikamoo, mama mkubwa," akasema, akapiga goti na sare ile, na mistari ilikuwa mbele ya macho yangu, mitatu, ya dhahabu. Nilimwitikia. Nikampongeza. Nikaona wivu ukanishika, nina miaka yangu yote hii, namwonea wivu mtoto niliyembeba mgongoni. Nikaenda jikoni kwa Konso kabla wivu haujaonekana usoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anageuza migebuka kwenye mafuta, amenenepa, miguu imemvimba. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Nikasema, bila salamu, "Konso, breki haikuinuka."

Aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale, sha. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Bawa lote lilikuwa mbele ya macho yangu mpaka kwenye vidole vyako. Niliona breki imelala, na niliona sura yako." Akapunguza moto. "Nilipoingiza mkono nikapapasa ile pini, nilikuwa naomba iwe imekatika. Nilimwomba Bikira Maria pini iwe imekatika."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba alitaka kusema, mchana ule ule, akamfuata Kapteni nyuma ya ukuta wa mbao. Kapteni akamwambia naye ameona, lakini wakinihoji leo, kesho mtu mwingine ataona hatari ya kweli akanyamaza. "Akasema nikubebe hivyo hivyo. Akalia, yule mzee. Mimi sikulia." Nikamuuliza na hizo hotuba zote, je, za harusini na matangani, za kuniokoa na kuniokoa. Konso akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mwanzoni nilikuwa nakupa nafasi. Nasema mbele yako, nangoja useme hapana. Baadaye, Zuhura, sitakudanganya, nilikuwa naona raha. Ulikuwa unameza mate, mimi naona. Kila mwaka nilikuwa nakula kidogo kidogo."

Nilishika bakuli la chumvi nikamsogezea, maana alikuwa analitafuta. Nje wajomba walikuwa wameanza kuita chakula, na sauti ya Anjela ikasikika mlangoni: "Mama, waambie ile ya Simama! Wenzangu wa kazini wamekuja, hawaijui." Konso akafuta mikono kwa kitenge. Akainuka kwa shida, nikamshika kiwiko, akakubali kushikwa. Tukatoka pamoja mpaka uani, kwenye viti vya kukodi, watu kama thelathini wamegeuza shingo, na marubani wawili vijana wameshika soda. Nilisubiri aanze. Yeye akatafuta kiti akakaa. "Leo nimechoka," akasema. "Leo anasimulia mwenyewe."

Nilisimama pale na kanga yangu mpya. Nilitaka kwanza kuwaelezea uwanja ulivyokuwa, na upepo wa ziwa, na kanuni, jinsi ninavyojua kueleza. Nikaona kwamba huko nako ni kukimbia. "Breki haikuinuka," nikamwambia Anjela. "Nilisema Simama kwa sababu mama yako alikuwa anaweza na mimi siwezi. Nilimwonea wivu, nikamkatia safari." Mjomba mmoja akaguna. Mwenzake Anjela akaweka soda chini. Anjela hakusogea. Alinitazama vile watu wa kazi yake wanavyotazama vipimo vya ndege, bila hasira, wakisoma tu, kisha akauliza polepole, "Na sasa, mama mkubwa?"

"Sasa nakuonea wivu wewe," nikasema, na Konso akawa wa kwanza kucheka.